Michezo Iliyokula Chumvi Nyingi

Katika nyumba zetu za Mji wa Kale hapa Mvita, ambamo pepo za kusi na za kaskazi hupita kwa zamu na kuacha chumvi juu ya kila kitu, chuma hakidumu: bawaba za madirisha huliwa, misumari ya ngazi hulegea, na redio iliyonunuliwa kwa fahari huwa bubu kabla mwenyewe hajamaliza kuisifu. Kwa hiyo mtu aliyekulia Kuze, mtaa wetu humo, hahitaji kufundishwa ya kuwa vitu huzeeka. Lakini iko jamii moja ya vitu ambayo, kwa akili ya kawaida, haikupasa kuzeeka hata kidogo, nayo ni michezo ya televisheni tuliyoiita gemu. Kwani gemu, ukiitazama katika asili yake, si chuma wala plastiki, bali ni hesabu iliyoandikwa mara moja na mafundi wake, na hesabu hiyo, ikinakiliwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, haipungui tarakimu. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ambayo ukubwa wake ni kilobaiti 40 tu, yaani ni ndogo kuliko picha moja ya harusi inayopelekwa leo kwa simu, ingali vile vile ilivyotoka mikononi mwa Shigeru Miyamoto na wenzake. Basi imekuwaje kwamba baadhi ya michezo tuliyoipenda tukiwa wadogo, tukiirudia leo, hatuwezi kuivumilia hata kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, ilhali mingine ingali inatushika mkono na kutukalisha kitako?

Kadhia hii ilinizukia katika likizo moja ya masika, mvua ilipowafungia watoto ndani, na mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka kumi na mitatu, akaingia stoo ya nyumba ya wazee na kutoka na katoni lililofungwa kwa kamba ya katani. Mlikuwa na mashine ya kijivu, pedi mbili ambazo nyaya zake zilikuwa zimegandana, bunduki ya plastiki, na kaseti ya manjano ambayo karatasi yake ilidai kubeba michezo 9999999, ingawa ukiipekua orodha yake, baada ya ile michache ya mwanzo, hukuta ile ile ikirudiwa chini ya majina mengine. Mashine za namna hiyo zilikuwa nakala zisizo na idhini za Family Computer ya Nintendo, iliyotolewa Japani mwaka 1983, nazo zilitufikia katika miaka ya 1990, ama madukani, ama ndani ya masanduku ya jamaa waliorudi kutoka Dubai. Na nyumba iliyokuwa nayo ilipata wageni wengi wa hirimu ndogo ambao, kabla ya siku hiyo, hawakuwahi kuonyesha mapenzi makubwa kwa watu wa nyumba hiyo.

Tukaifuta chumvi, tukaiunganisha na televisheni bapa ya sebuleni, na kwa rehema zake Mola ikawaka. Kijana akataka bunduki kwanza, kama nami nilivyotaka bunduki kwanza. Bata wakaruka kutoka majanini; akafyatua; bata wakaendelea na safari yao. Akasogea karibu, akafyatua tena mdomo wa bunduki ukikaribia kugusa kioo, na yule mbwa wa mchezo akajitokeza kumcheka.

“Ami, bunduki imekufa.”

Bunduki haikufa. Ndani ya mdomo wake mna jicho dogo la kupokea mwanga, na hila ya mchezo ni hii: unapofyatua, kioo hutiwa weusi kwa muda mfupi kuliko wa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata huchorwa mraba mweupe, jicho likiuona weupe huo katika nukta hiyo hiyo ya wakati, bata huhesabiwa ameanguka. Televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa ambazo kuzipandisha ghorofani kulihitaji vijana wawili na mzee wa kuwaamrisha, zilichora picha papo hapo, mstari baada ya mstari. Televisheni bapa huipokea picha, huipitisha kwanza katika hesabu zake, kisha ndipo huionyesha. Na kuchelewa huko, ambako macho ya mwanadamu hayakuhisi, kunatosha kuwapa bata wale uhai wa milele. Baada ya mitambo ya analogi ya Kenya kuzimwa mwaka 2015, na televisheni bapa kushuka bei, masanduku yale ya mgongo mkubwa yalitolewa majumbani moja baada ya jingine, nasi hatukufikiri kwamba tulikuwa tukitoa pamoja nayo mchezo mzima, ambao sasa upo, unawaka, unaonekana, ila hauwezi kuchezwa.

Hiyo ni namna moja ya kuzeeka, na ndiyo iliyo nyepesi kusamehewa, kwa kuwa aibu si ya mchezo. Mario mwenyewe nilimkuta mzima. Niliona jambo ambalo utotoni halikunipitia machoni, kwamba mawingu ya angani na vichaka vya chini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi, mweupe juu na wa kijani chini, kwa sababu mafundi walibana kila tarakimu. Na hila hiyo haikunishushia hadhi ya mchezo, bali ilinizidishia taadhima kwa watu waliojua kuushona ufukara wao hata ukawa vazi. Kijana alikimbia, akaruka, akatumbukia shimoni, akacheka, akaanza upya. Hakuna aliyemweleza lolote.

Contra, gemu ya askari na risasi, haikupata bahati hiyo. Sisi tulimjua kila askari wa mchezo ule mahali alipojificha, na ile amri ya siri ya kupata roho thelathini badala ya tatu, juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, kisha B na A, tuliihifadhi kwa sauti moja na kwa mtikiso ule ule wa kichwa tuliohifadhia alifu na bee chuoni, jambo ambalo maalim wetu, lau angalijua, asingalilipenda. Lakini mtu hodari humaliza hatua zote nane za Contra kwa muda usiofika nusu saa, na ukiujua ukweli huo ndipo unapofahamu ukatili wake ulitoka wapi: ukatili ndio uliofanya kitu kifupi kionekane kirefu, na kaseti iliyonunuliwa kwa bei kubwa idumu hadi Idi nyingine. Kijana alikufa mara moja, mara mbili, mara nyingi, kwa risasi ambayo hakuiona ikitoka, akairudisha pedi juu ya mkeka kwa adabu na kusema, “Ami, huu hautaki mtu aucheze.” Nilitafuta neno la kuutetea nisilipate. Sisi tulikuwa na mchezo mmoja na alasiri zisizo na idadi. Yeye anayo michezo mingi isiyo na bei ndani ya simu, na alasiri zake huliwa na masomo ya ziada.

Hata hivyo, mapenzi yetu makubwa hayakuwa ya mashine za nyumbani. Yalikuwa ya duka la gemu. Palikuwapo chumba kimoja cha chini, katika mojawapo ya vichochoro vya Kuze ambamo wawili hawapishani mmoja asipogeuza bega, mlango wake wa nakshi ukiwa umepoteza nusu ya maua yake, na ndani mabenchi, feni, na televisheni tatu zenye PlayStation. Nje aliketi mama mmoja na karai lake la viazi na bakuli la ukwaju, na kwa sababu hiyo pedi za duka lile zilikuwa zikiteleza daima, na aliyefungwa bao aliweza kumlaumu mama wa watu. Kanuni ilikuwa moja: aliyeshindwa hulipa na kuinuka, aliyeshinda hubaki. Kanuni hiyo ilitufundisha ushindani kuliko mashindano yote ya shule, kwani mtoto mwenye shilingi moja tu ya mechi na ustadi mkubwa aliweza kukaa tangu adhuhuri hadi adhana ya magharibi, ilhali mtoto wa tajiri, aliyekuja na noti, aliinuka na kuketi, akainuka na kuketi, mpaka noti ikaisha.

Kandanda ndiyo iliyotawala, na kandanda yenyewe ilikuwa Winning Eleven 4, iliyotengenezwa na Konami na kutolewa Japani mwaka 1999. Diski zetu zilikuwa nakala za toleo la Kijapani, na mashine ilikuwa imetiwa kidude cha kuifanya izikubali. Hapo pakatokea mushkili wa kuchekesha: Japani walitumia mfumo wa televisheni uitwao NTSC, na Kenya PAL, nazo televisheni za mwanzo za duka lile, zilizojua PAL peke yake, ziliipokea picha lakini hazikuweza kuzisoma rangi zake, basi tukacheza Brazili na Ujerumani, Ufaransa na Italia, kwa rangi nyeusi na nyeupe, na mabishano ya nani ni nani yakawa sehemu ya mchezo. Mwenye duka alipopata televisheni ya mifumo mingi kutoka Dubai, na nyasi za uwanja zikawa kijani kwa mara ya kwanza, watu walikuja kutazama bila ya kucheza, na wazee wawili walisimama mlangoni wakiwa njiani kwenda msikitini.

Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Tuliyajua kwa mahali pake: mstari wa tatu kutoka juu ni kubadilisha wachezaji, wa chini kabisa ni kutoka, na asiyejua alibonyeza akaizima mechi ya wenziwe na kujipatia laana. Mtangazaji alikuwa Jon Kabira, ambaye jina lake nililijua baada ya miaka mingi, ila sauti yake niliijua kabla ya kubalehe. Watoto wa Kuze, wakicheza mpira wa soksi kichochoroni, walitangaza mabao yao kwa Kijapani walichokibuni wenyewe, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 2000, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa ya mto Tana na mgao wa umeme ukaingia nchini, duka lile liligeuka mahakama. Umeme ukikatika katika dakika ya themanini, na mmoja anaongoza kwa bao moja, nani atalipa? Pande zote mbili zilileta hoja. Huyu alisema matokeo ni matokeo. Yule alisema mechi haikutimia, na kisichotimia hakina hukumu. Wa tatu, ambaye hakuwa akicheza, alitoa mfano wa mtu aliyetenguka udhu katikati ya sala, akaambiwa anyamaze. Mwenye duka, mtu wa maneno machache, alikata shauri kwamba mwenye kuongoza ataanza mechi mpya bila malipo na aliye nyuma atalipa nusu. Nami mpaka leo, nikisikia watu wazima wakigombana juu ya mkataba uliovunjwa na kadari, huikumbuka hukumu ile na kuiona kuwa ya haki kuliko nyingi.

Basi mchezo huo ndio niliomwomba kijana aniwekee katika kompyuta, kwa programu ile inayoiga mashine za kale. Haikumchukua muda. Wimbo wa mwanzo ukapiga, moyo wangu ukaruka, timu zikaingia uwanjani.

Nyuso zilikuwa za mbao. Macho yamechorwa, vidole havipo, mkono mzima umeishia katika kifundo kimoja cha rangi ya ngozi. Watazamaji wa jukwaani walikuwa karatasi moja iliyorudiwa, ikipanda na kushuka. Mstari wa pembeni mwa uwanja ulivunjika na kujiunga upya kila kamera iliposogea. Nilijua kwamba hivi ndivyo ulivyokuwa siku zote, hesabu haikupungua tarakimu. Lakini sisi, naapa, tuliketi mbele ya picha hii tukaambiana kwamba haina tofauti na mechi ya kweli, na mmoja wetu aliwahi kudai ya kuwa amemwona mchezaji akitoka jasho.

Sababu zake za ufundi zinajulikana. PlayStation, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1994, ilijenga kila kiumbe kwa vipande vya pembe tatu, na kila ncha ya kipande ililazimishwa kukaa juu ya nukta kamili ya kioo, isiweze kukaa baina ya nukta mbili. Kwa hiyo kitu kikisogea polepole, ncha zake huruka kutoka nukta hadi nukta, na ukuta ulionyooka ukatetemeka kana kwamba una homa. Tena picha iliyobandikwa juu ya vipande hivyo haikupimwa umbali wake na mtazamaji, basi mistari ya barabara hupinda unapoikaribia. Televisheni ya mgongo mkubwa, kwa kuzitia ukungu nukta na jirani zake, ilizisitiri aibu hizo. Kioo cha kisasa kinazitangaza. Tulijaribu pia Driver, ya mwaka 1999 kama Winning Eleven 4, ambayo mlango wake ni mtihani wa kuendesha gari ndani ya gereji ya chini kwa sekunde 60, mtihani uliowazuia vijana wengi wa Mvita wasiuone mji wa Miami maishani mwao. Mimi niliuona wakati ule, nikauona tena sasa: majumba yakichomoza ghafula kutoka utupu hatua chache mbele ya gari, na barabara ikijikunja chini ya magurudumu.

Ninachokiona ni kwamba michezo iliyoharibika vibaya zaidi ndiyo iliyotuahidi mfano wa dunia. Aliyekuahidi uso wa mtu hudaiwa uso, na kila mwaka unaopita, kila mashine mpya inayoukaribia uso zaidi, deni lake hukua; na wale waliofanya majisifu makubwa kuliko wote kwa kufanana na hali halisi ndio wanaofilisika mbele ya kila mtu. Mchezo usioahidi mfano wa kitu chochote hauna deni la namna hiyo. Tetris aliyoibuni Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, ambayo tuliijua kupitia vile vidude vya mkononi vilivyoitwa brick game, vyenye kioo cha kijivu na sauti ya kuudhi, ni vipande saba vinavyoanguka, na hakuna maendeleo ya elimu yatakayowezesha vipande saba vianguke kwa ukweli zaidi. Kijana aliichukua baada ya chakula cha mchana, akaambiwa mara tatu aende kuoga.

Wala hili si geni katika mji huu. Barazani kwetu wazee hupiga dhumna kwa kishindo kinachosikika mtaa wa pili, na sijamsikia hata mmoja akilalamika kwamba vipande vile havifanani na kitu chochote. Shairi nalo limejifunga kwa mizani 16 na vina vyake tangu kabla ya Muyaka bin Haji, aliyetunga hapa hapa Mvita katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Ahmad Nassir alipochapisha Malenga wa Mvita mwaka 1971 aliikuta nyumba hiyo hiyo, akaingia, akakaa, wala hakuiona finyu. Kilichokamilika ndani ya mipaka yake hakijui kwamba miaka imepita. Bila shaka wako watakaosema kwamba hii ni rai ya mtu anayezeeka na kutafuta shahidi, na huenda ikawa hivyo. Lakini kijana hakuwa na miaka ya kuililia, naye alichagua Mario na vipande saba, akaiacha Miami.

Jambo moja lilinitatiza. Konami hawakuwa na idhini ya kutumia majina yote ya kweli, basi katika matoleo yao ya Kiingereza ya miaka ile Roberto Carlos aliitwa Roberto Larcos, na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Nasi tulicheka na kuyasahihisha majina kwa mkono. Kijana hamjui Carlos wala Larcos. Kwake wote wawili ni sawa, kama Castolo na Minanda, wale wachezaji wa kubuniwa tuliopewa bure mwanzoni mwa ligi ya mchezo iitwayo Master League, dhaifu wa miguu, tukawapenda kuliko mabingwa wa kununua. Na Adriano wa Pro Evolution Soccer 6 ya mwaka 2006, toleo la baadaye la kandanda hiyo hiyo ya Konami, ambaye mkwaju wake wa kushoto ulivunja urafiki wa watu Kuze, kwa kijana ni jina tu. Mfano huzeeka na asili yake. Wa kubuniwa hana asili ya kumzeesha.

Nilimweleza hayo yote jirani yangu, hirimu yangu, aliyekuwa bingwa wa duka lile, ambaye sasa ana duka la vitambaa na kiuno kinachomuuma. Alinisikiliza hadi mwisho, akamaliza kahawa yake, akaniuliza: na Tekken 3 je? Toleo lake la PlayStation ni la mwaka 1998, lina watu wenye nyuso na misuli, limejengwa kwa pembe tatu zile zile za mashine ile ile, na bado linachezeka leo kwa raha kama lilivyochezeka siku zile. Nikamjibu kwamba Tekken 3 haikumwahidi mtu ukweli, kwa kuwa ndani yake dubu hupigana na polisi. Akasema dubu ni mmoja na binadamu ni wengi, na kwamba kanuni yangu naivuta kila inapokuwa fupi. Nikamwambia kwamba huo mchezo humwitikia mchezaji papo hapo, kwa picha 60 kila sekunde, na wepesi wa kuitika hauzeeki kama zinavyozeeka sura. Akasema basi hiyo ni kanuni ya pili, na mtu mwenye kanuni mbili kwa jambo moja hana hata moja. Kisha akanikumbusha kwamba pale dukani mimi nilikuwa mmoja wa waliomchukua mpiganaji Eddy Gordo na kubonyeza mateke ovyo mpaka mwenye duka akapiga marufuku, na kwamba maneno yangu juu ya sanaa yapimwe kwa mizani hiyo. Sijapata jawabu la kumtosheleza. Ameiagiza mashine kuukuu, na televisheni ya mgongo mkubwa aliyoipata Majengo kwa bei ambayo hataki mkewe aijue, na kila Ijumaa baada ya isha hunitumia ujumbe wa kuniuliza kama pesa za kulipia ninazo.